Mabega Yanayokutana Kifuani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
9 Agosti.

Mpendwa shemeji,

Hujambo huko uliko? Mkeo na watoto nao hawajambo? Sisi huku wazima, na leo neno hilo naliandika kwa moyo wote. Najua umeona kimya kimezidi. Nilikuwa nangoja nijue kama nakuandikia habari ya uzazi au ya msiba.

Nimejifungua mtoto wa kiume. Ana pua yako, pole yake.

Siku ya kwanza hatukucheka. Mkunga alimpapasa kichwa, akaenda kumwita daktari. Utosi ulikuwa wazi kuanzia kwenye paji hadi kisogoni, na fuvu laini mno. Daktari wa zamu akatuambia kwa upole kwamba huenda ni ule ugonjwa wa mifupa kutojengeka, na kwamba watoto wa namna hiyo mara nyingi hushindwa kupumua, hawakai. Shemeji, nililia mpaka mto ukalowa. Watu wakaanza kunipa pole na mtoto yu hai, ananyonya bila kupumzika. Mmoja akathubutu kuniuliza nilimeza dawa gani nikiwa mjamzito. Nilimwonyesha mlango.

Kesho yake akaja bingwa wa mifupa ya watoto, mama mmoja wa maneno machache. Alimpapasa mtoto kutoka shingoni kwenda begani, upande huu, upande ule, kisha akarudia. Akasema pale panapokaa mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, hapana kitu. Halafu akauliza kama katika ukoo wetu yupo mtu anayeweza kukutanisha mabega yake mbele.

Nilicheka, shemeji. Macho yamevimba kwa kilio, nikacheka mpaka mshono ukaniuma. Mume wangu akavua shati palepale, akafunga mabega kama milango ya kabati, ule mchezo wenu mliowafanyia wageni siku ya harusi yangu. Daktari akampapasa naye, hapana kitu. Wakapigwa eksirei, baba na mwana, na jioni ile jibu likawa moja.

Bingwa anasema hali hii, ya kuzaliwa bila mitulinga na utosi ukiwa wazi, humpata mtoto mmoja hivi katika milioni, ndiyo maana yule wa zamu hajawahi kuiona. Lakini mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu. Nyinyi ndugu wawili huenda mliirithi kwa marehemu mama yenu. Kumbe kitu ambacho madaktari wanakitafuta kwa tochi, sisi tunacho hadi kwenye picha za harusi.

Na haiui. Mwanangu atatembea, atasoma, atagombana na wenzake. Tumlinde kichwa tu mpaka utosi ufunge, nao utachelewa. Meno pia yatataka daktari, maana ya utotoni hukataa kung'oka na ya ukubwani hujificha. Umejigusa mdomo, nakuona. Wapeleke na wanao wakapimwe, usinichelewe.

Sasa la baba mkwe. Alikuja wodini, daktari akamweleza kwamba watu wa mabega haya hawawezi mizigo mizito, kwa sababu begani hakuna kinachoshikilia. Unayakumbuka yale magunia ya saruji ya dukani kwake, na majina aliyowapachika mlipokuwa mnayaangusha, Goigoi Mkubwa na Goigoi Mdogo. Mzee alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akamshika mwanawe mkono akamwomba radhi mbele yangu, mimi mkwewe. Wewe uko mbali, na mkono wake siku hizi unatetemeka, kwa hiyo kaniomba niandike: hamkuwa wavivu, na anakuomba umsamehe.

Nisalimie mkeo, na wanao wote uwabusu. Mume wangu anakusalimu. Tangu jibu lile anatembea bila shati nyumbani kama mfalme. Mungu awalinde, na akupe usingizi kama nilioupata mimi siku nilipojua mwanangu anaishi.

Baba yuko hapa sebuleni, amempakata mjukuu. Anadhani simsikii. Anamwambia, "Wewe hutabeba gunia hata moja. Nitakubeba mimi."

Wako akupendaye, asiyechoka kukutania,
Shemeji yako,
Mama wa Mmoja katika Milioni