Macho Mawili na Pua kwenye Boga la Mzee Orville

Kwako Bi Verna wa ukurasa wa ushauri gazetini,

Nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, kwa kuwa mimi, niliyehitimu shahada ya elimu ya awali Juni mwaka huu, tena kwa daraja la juu kabisa, nimeshindwa na Tilly, mtoto wa miaka minne, na boga.

Nilipokabidhiwa darasa la chekechea hapa wilayani, niliandaa wiki nzima ya mavuno: kupanga kwa rangi majani yaliyopukutika, kuhesabu mbegu za tufaha, na kugongelea vijiti vya gofu, vile vifupi vya kuwekea mpira, kwenye boga kwa nyundo ndogo ya mbao, zoezi linaloimarisha vidole vitakavyoshika penseli baadaye, na ili watoto wajifunze kupima kwa kamba, babu yake Tilly, Mzee Orville, akatuletea kwa trela boga lake la ratili elfu moja na mia mbili, ambalo Jumamosi hii litapandishwa mizani kwenye maonyesho ya mavuno, akaniambia, "Mwalimu, huyu nimemfunika blanketi mara nyingi kuliko nilivyowafunika wanangu. Mpimeni mtakavyo, ila asitoboke. Boga lenye tundu halipandi mizani."

Nikaahidi. Kisha nikainama kumpangusa mtoto mmoja kamasi, na nilipoinuka Tilly alikuwa ameliacha boga dogo la mazoezi na kugongelea vijiti vitatu ubavuni mwa boga la babu yake.

"Halikuwa na macho, Mwalimu," alinijibu kwa utulivu nilipomuuliza. "Lingeionaje njia ya kwenda kwenye maonyesho?"

Niliving'oa, nikayeyusha kalamu za nta za rangi ya chungwa, nikaziba matundu kwa ustadi ambao, sitaficha, unapendeza. Kisha nikamwomba Tilly jambo hili liwe siri yetu. Mzee alikuja kulichukua boga lake, akalipapasa, hakuona kitu. Lakini tangu siku hiyo Tilly hagusi nyundo, na babu yake akija kumchukua hujificha nyuma ya makoti, hata mzee ameniuliza, "Mjukuu wangu nimemkosea nini?" Je, ninyamaze mpaka mashindano yapite, ikizingatiwa kwamba mkuu wa shule anaamua mwezi huu kama nitathibitishwa kazini?

Wako mtiifu,
Mwenye Nta Mikononi

*

Mwenye Nta,

Pole, mwanangu. Wiki yako ya mavuno wajukuu wangu wangeipenda. Sasa tega sikio.

Nimeishi na wakulima wa maboga miaka arobaini. Tundu linalokatazwa ni lile linalofika kwenye uwazi wa ndani, penye mbegu. Kijiti cha gofu kina urefu wa kidole, na ubavu wa boga kama hilo una unene wa shibiri. Tilly hakulitoboa. Mharibifu ni wewe. Waamuzi wakikuta nta, watasema mzee amejaza kitu ili kuongeza uzito, na ataondolewa uwanjani mbele ya majirani kwa udanganyifu asioujua. Mwaka juzi mtu mmoja alikutwa na gundi kwenye boga lake. Mpaka leo kinyozi humwita Gundi.

Nta hutoka kwa kijiko kilichochovywa maji ya moto. Siri je? Umemtwisha mtoto wa miaka minne mzigo ambao wewe, na shahada yako, umeshindwa kuubeba wiki moja. Hapo sikupambi.

Nenda kwa mzee leo, pamoja na Tilly, mkiwa na kijiko na kijiti kimoja. Useme wewe kwanza, usimtangulize mtoto. Chokoa nta yote, isibaki hata chembe, kisha Tilly akirudishe kijiti polepole kwenye kila tundu, yeye na babu yake waone kinapogota, maana somo lako la kupima bado halijaisha. Mkuu wa shule mwambie kesho asubuhi, kabla hajaambiwa na mwingine. Akikunyima kazi kwa kusema kweli, niandikie tena. Nitakuwa na maneno naye.

Majina nimeyabadilisha, lakini maboga ya ratili elfu na zaidi wilayani hayafiki sita, na wenyewe husoma ukurasa huu wakinywa kahawa. Kwa hiyo weka gazeti chini, chukua ufunguo wa gari. Na kabla hamjaingia uani kwa babu, mrudishie Tilly nyundo yake.

Bi Verna