Bangili za Kibondo Zimeng'aa, Babu

Kasulu,
Jumapili, baada ya ibada.

Babu yangu Sonara,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua isiyo na anwani haifiki. Yako siijui. Naandika hivyo hivyo, maana arobaini yako imeshapita na kuna habari ambayo sitaki uisikie kwa mtu mwingine.

Bibi Zuhura ni mzima. Asubuhi hulia akitandika kitanda, kisha anapika. Mimi bado nakaa kwa shangazi, ukuta kwa ukuta nanyi, na bado nachota maji ya nyumba mbili. Wanawake wa sokoni wanakukumbuka ulivyokuwa ukiwaamkia "Mwakeye!" jua limeshapinda, nao wakicheka, "Mzee wa pwani, hiyo ni ya asubuhi!" Kesho yake ulirudia vile vile. Nadhani ulijua.

Habari yenyewe ni ya zile bangili mbili za fedha za bibi harusi wa Kibondo. Ulimaliza kuzifua, ukazifunga kwenye kitambaa, ukaugua. Zilikuwa nyeupe butu, kama unga wa muhogo. Siku ya tatu baada ya arobaini, Mjomba Rashidi, mdogo wake Bibi, alifika kutoka Ujiji kuchukua vifaa vyako vyote. Alisema na bangili atakwenda nazo, sonara wa huko atazing'arisha.

Bibi akamwambia, "Huyu mtoto anajua kuzungusha kopo la kung'arishia."

Mjomba akaitazama sare yangu ya shule. "Huyu? Watu wa Heru Juu wanajua muhogo, Dada, si fedha."

"Rashidi, kunywa chai, inapoa." Kisha Bibi akanigeukia. "Una siku moja, mwanangu. Zikiharibika, kila kitu kinakwenda Ujiji."

Babu, nikaenda kulichukua kopo. Nilikumbuka siku uliponiachia kopo mara ya kwanza, lile kopo la mafuta ulilolivisha ndani mpira wa baiskeli. Ulitia kipuli cha mkunga, gololi za baiskeli, maji na sabuni kidogo, ukaniambia nizungushe mkono wa kopo taratibu, ukaenda kuswali. Nikaona gololi zinacheza tu. Kwetu Heru Juu sufuria haing'ai bila mchanga na majivu, na msichana hupimwa kwa sufuria zake. Basi nikatia konzi ya mchanga, nikazungusha kwa bidii zote. Uliporudi kipuli kilikuwa kimechubuka chote.

Nililia. Wewe ulikigeuza-geuza, ukasema, "Mjukuu wangu, sufuria hukwaruzwa. Fedha hubembelezwa. Gololi haichubui, inalainisha." Halafu ukacheka mpaka ukakohoa: "Leo nimepata fundi mchanga kweli kweli!" Likawa jina langu mtaa mzima. Mkunga alipokuja ulimwambia kazi haijaiva, arudi Ijumaa. Hukumwambia ni nani aliyeharibu. Siku tatu ulikisugua kwa msasa laini, nami nimekaa kando, naliona kosa langu likiondoka kidogo kidogo. Sikukushukuru wakati ule kwa aibu. Nakushukuru sasa.

Basi nilisuuza kopo mara tatu. Nilikagua gololi moja moja, mbili zilikuwa na kutu nikazitupa. Nikazungusha tangu adhana ya adhuhuri, taratibu, buhorobuhoro kama tusemavyo kwetu, nikisikiliza maji.

"Fundi, hujachoka?" Mjomba aliuliza akipita.

"Bado, Mjomba."

Alipopita mara ya tatu alikaa, akaushika mkono wa kopo mwenyewe ili nipate kula. Akazungusha mbio. Nikamwambia, "Pole pole, Mjomba," na Babu, akapunguza! Bibi akageuka upande ili asionekane anacheka.

Alasiri tulifungua. Nilizisuuza, nikazifuta, nikazipeleka juani. Rangi za khanga ya Bibi zilionekana ndani yake. Mjomba alizishika muda mrefu.

Alhamisi mama wa bibi harusi akashuka kwenye lori. "Nani kazifanya?" akauliza.

"Mume wangu alizifua. Huyu kazing'arisha."

"Huyu wa shule?"

"Huyu huyu."

Yule mama akazivaa mwenyewe kwanza, akanyoosha mkono, akajiangalia kama bibi harusi ni yeye.

Mjomba ameondoka na mfuko mtupu. Amesema nikimaliza mtihani wa darasa la saba, Bibi anipeleke Ujiji wakati wa likizo, huyo sonara anifundishe kulehemu. Nitakwenda.

Leo kanisani tumekutaja katika sala. Nilipomwambia Bibi, niliogopa labda haifai kwenu. Alisema tu, "Ahsante, mwanangu," akanikatia kipande cha mkate.

Pumzika, Babu. Nakuahidi nyundo yako haitashika kutu.

Mjukuu wako wa jirani,
Yasinta