Subaru ya Baba Haikusikika

Migosi,
Kisumu.
14 Septemba 2025

Mpendwa Dada Rachael,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo huko Doha, na kazi inaendaje? Sisi tunapumua tu. Mama anakula kidogo, na macho yake sasa hayaoni kabisa. Najua inakuuma kwamba ulinyimwa ruhusa ukakosa kumzika Baba.

Mazishi yalienda vizuri. Boma letu la Seme lilijaa mpaka watu wakasimama barabarani. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na sina mwingine wa kumwambia.

Unaikumbuka Subaru yake, na alivyotufundisha kubadilisha gia kwa masikio tukipanda mlima wa Riat, amefunika dashibodi kwa kofia. Alisema akifa, gari hilo ndilo liongoze tero buru, msafara wa kelele wa kufukuza kifo nyumbani.

Dada, gari hilo si letu tena. Mwezi wa Machi Wachira, yule wa spea pale mjini, alinipita Riat akiwa na gari la umeme. Mimi niko ndani ya Subaru, gia ya tatu, nimekanyaga mpaka mwisho, turbo inalia. Yeye kimya, akapita kama nimeegesha. Nilishikwa na wivu wa kijinga. Wiki hiyo hiyo tukabadilishana magari, nami nikaongezea akiba yangu yote. Baba alikuwa kitandani, sikumwambia.

Sikudanganyi, gari la umeme ni kali. Ukigusa tu, mgongo umegandamana na kiti. Lakini halina gia, halitetemeki, halinuki petroli, na wiki ya pili nilikuwa nimelichoka. Subaru ilikuwa nzito kuondoka, ila ilitaka mtu anayeijua. Baba alipozidiwa nilimrudia Wachira. Alikuwa ameshaiuza kwa mtu wa Eldoret, na huyo hashiki simu.

Basi siku ya tero buru tulienda ufuoni mwa ziwa na kurudi, mimi mbele na gari langu. Nyuma yangu kulikuwa na pikipiki zilizotolewa sailensa na pikapu zinazopiga honi. Mama alikuwa amewekewa kiti mlangoni. Nilisimamisha gari hatua chache kutoka alipoketi, nikashuka. Kelele zilipotulia, alikuwa bado amegeuza uso kule barabarani.

"Nimezisikia zote," akasema. "Ya mzee sijaisikia. Ooko yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, Dada. Watu wote waliniangalia. Nikaenda nyuma ya jikoni nikalia.

Ukimpigia Mama simu usimwambie habari ya gari, niachie mimi. Hadi leo injini ikinguruma barabarani anainua kichwa, anauliza kama ni mimi. Jana nilimtembelea, nikaegesha pale pale mlangoni. Hakujua nimefika mpaka nilipomshika mkono.

Nisalimie shemeji na mtoto. Shangazi Beldina na Ochieng wanakukumbuka sana. Mungu akutunze na akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda na nakuomba msamaha,
Ooko