Moto kwa Mama Hamisi

Runzewe, Alhamisi, 1996

Bado nanuka moshi, na nimeoga mara mbili.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya jioni, banda la jiko la Mama Hamisi liliposhika moto. Jirani yangu huyu hajaitikia salamu yangu tangu mhubiri mgeni alipoutukana Uislamu sokoni kwa kipaza sauti. Juzi kisimani aliniambia, "Makafiri nyie, msinizoee."

Nakiri, nilipoona moshi, neno la kwanza moyoni mwangu lilikuwa: amekipata alichokitafuta. Naona aibu hata kuliandika.

Mwalimu wa kwaya akanishika mkono. "Mama Neema, tukienda atasema sisi ndio tuliochoma."

"Aseme tu. Mama yake kipofu yumo ndani ya nyumba."

Tukakimbia tukiwa na majoho ya kwaya mwilini. Wenzangu wakamwaga maji, mimi nikambeba bibi mgongoni. Sikujua la kusema, nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba tunakwenda gulioni.

Jiko limeteketea, nyumba imepona. Mama Hamisi alimfunika mama yake khanga, akanigeukia.

"Yule mhubiri wenu ana mdomo mchafu," akasema.

"Ni kweli. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Nisamehe."

Akatutazama wote tulivyolowa, majoho yamejaa masizi.

"Kuimba hamjui," akasema, "lakini maji mnabeba."

Akaanza kucheka yeye, tukamfuata. Hata mwalimu wa kwaya alicheka, ingawa alichelewa kidogo.