Kosa Alilosamehewa Mama

Eagle Pass, Texas
Machi 2

Mdogo wangu Maricruz,

Pokea salamu zangu na za Efraín, na za huyu mdogo anayelala kifuani pangu huku nikiandika kwa mkono mmoja. Homa yako imeisha? Na fundi amerekebisha shingo ya gauni la harusi, au bado mnagombana? Sisi hatujambo, au tuseme tunapumua. Anselmo anapumua, na hilo ndilo ninaloamka kulisikiliza.

Juzi kwenye simu uliniuliza tulimfanya nini Baba kule San Antonio, maana tangu arudi hali vizuri, hasemi, na kila asubuhi huenda makaburini na ndoo ya maji kama mtu aliyeajiriwa. Sikukujibu kwa sababu nilisikia kikohozi chake nyuma yako. Barua hii nampa binamu yetu Nicanor aivushe daraja la mpakani. Isome ukiwa peke yako.

Unajua Anselmo alivyozaliwa: kilio chembamba na midomo ya buluu. Walimpeleka San Antonio kwa helikopta kabla sijamshika. Mishipa mikubwa miwili ya moyo wake ilikuwa imebadilishana mahali, ikabidi wampasue. Baba alifika siku ya upasuaji na kofia yake ya Jumapili. Mama mkwe wangu, Doña Chole, alikuwapo tangu alfajiri, yeye na maneno yake.

Maneno yenyewe unaweza kuyakisia. Aprili mwaka jana, jua lilipopatwa, mji mzima ulitoka nje na miwani ya karatasi, nami nikatoka na mimba yangu changa, bila hata ile pini ya kumkinga mtoto kwenye nguo ya ndani. Doña Chole alinifuata hadi barabarani akipiga kelele, "Ingia ndani wewe! Mwezi utamla mtoto!" Nikamcheka. Sasa pale hospitalini kila aliyeketi karibu yake alisimuliwa jinsi nilivyocheka. Baba hakumkanusha. Alinitazama tu, Maricruz, kwa lile jicho alilokuwa akimtazamia Mama.

Daktari wa moyo ni binti wa Laredo, anasema kama sisi. Alitukalisha wote akasema jua halihusiki kabisa. Damu yangu ilionyesha nina kisukari, tena cha muda mrefu. Mimi nilidhani ile kiu na uchovu ni kwa sababu ya kufua mashuka ya hoteli. Alieleza kwamba moyo wa mtoto hujengwa wiki za mwanzo kabisa, wakati wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba, na sukari ya mama ikiwa juu wakati huo, hatari huongezeka. Hakuapa kuwa ndiyo sababu. Alisema kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kuapa. Akaniambia sina hatia kwa nisichokijua, na kwamba wanawake wengi wenye sukari huzaa watoto wazima wakiidhibiti kabla ya kushika mimba.

Doña Chole akaguna. "Sukari! Mimi nimezaa saba, na mikate mitamu nilikula kila asubuhi."

"Basi bibi, Mungu alikupa mwili mzuri," daktari akamjibu. "Mshukuru, ila jua usilisingizie."

Hata mwanawe Efraín alicheka, yeye ambaye wiki nzima hakuwa amefungua kinywa.

Kisha daktari akauliza nani katika ukoo ana sukari. Nikamtaja Mama: jinsi ilivyomkata mguu, kisha ikamla figo. Akauliza kama Mama aliwahi kupoteza mtoto. Nikamwangalia Baba, kwa kuwa jina la Fermín halikutajwa nyumbani. Sisi tulilelewa tukijua kwamba Mama alitoka kuanika nguo jua likipatwa, na ndiyo maana kaka yetu akafa. Basi.

Baba akavua kofia. Alisema alikuwapo mtoto, midomo ya buluu, hakumaliza wiki. Akauliza, polepole, kama ile sukari ingeweza kuwamo mwilini mwa mke wake tangu zamani hizo bila mtu kujua. Daktari akasema inawezekana. Hakuna aliyempima, kwa hiyo hatutajua kamwe. Ila kwamba si jua, hilo analijua.

Baba akatoka. Nilimkuta ameegemea ukuta karibu na mashine ya soda, kofia ameikunja kama kitambaa. Na hapo, mdogo wangu, akaniambia jambo ambalo mimi na wewe hatukulijua. Wiki ile Mama alipokuwa anakata roho, Baba alikataa kuingia chumbani mpaka Mama akubali kumwomba msamaha kwa ajili ya Fermín. Mama akamwomba, padri akisikia.

"Nikamsamehe, mwanangu," alisema. "Nikajiona mtu mwema. Nikatoka mle nikala, nikalala usingizi. Nilimsamehe nini?"

Nilimshika mkono, na nilitaka pia kuutupa.

Ni yeye aliyeniomba nikuambie, kwa sababu yeye hawezi kulitamka tena. Usimtulize kwa kumwambia hakujua. Hilo anajiambia mwenyewe na halimsaidii. Mpikie, keti naye, mwache aende makaburini. Mimi bado sijaweza kumsamehe kwa niaba ya Mama, wala sijui kama msamaha huo ni wangu kuutoa.

Nawe, Maricruz, uliyeniambia unaamka usiku kunywa maji: kapime sukari kabla ya harusi. Ikiwa juu, mwambie Lisandro wazi, tibiwa kwanza, ndipo mtafute mtoto. Usingoje tumbo.

Anselmo atachunguzwa tena baada ya Pasaka. Daktari haahidi kitu. Ananyonya, anakasirika, na midomo yake ni ya waridi.

Msalimie shangazi Eduviges na majirani wote. Mbusu Baba kwa ajili yangu, hata akigeuza uso.

Dada yako akupendaye,
Otilia