Mama Alipima kwa Mkeka

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa Léocadie,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha Shemeji Pitchou, kisha watoto wote mmoja mmoja hadi yule mdogo ambaye sijamwona isipokuwa kwenye picha. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Kolwezi, na kwamba kikohozi chako cha vumbi kimepungua. Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha vizuri, mpunga umesimama, mke wangu Yvette amepona malaria, nami nimeota mvi ambazo watoto wanazihesabu kila Jumapili kabla ya misa. Mama yuko Wamaza, anakula, anagombana na majirani kwa ajili ya mbuzi wao, kwa hiyo ni mzima. Magoti ndiyo yanamsumbua, na moyo wake ule ambao daktari wa hapa Kasongo anataka kuusikiliza kila baada ya miezi miwili.

Uliniandikia kwenye simu kwamba wewe na Shemeji mmeamua kumnunulia Mama gari la kumleta hospitali, kwamba Abdallah ana magari mawili ya kuuza, na kwamba nikujibu neno moja tu: pikapu au jipi. Ukaongeza kwamba wewe unapenda jipi, yaani hata hilo neno moja ulikuwa umeshanitafunia. Siku kumi na tisa sijajibu. Ulipopiga simu nilisema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Yaya. Nilishindwa kulisema neno hilo bila kusema na mengine, na hayo mengine siwezi kuyasema kwenye simu huku unasikia ninavyohema. Darlène, binti wa marehemu shangazi, anakuja huko wiki hii kwa wakwe zake, nami nampa barua hii mkononi. Abdallah amekubali kutuwekea magari yote mawili mpaka Pasaka, kwa heshima ya marehemu Papa, baba yetu.

Nianze basi na Papa, maana katika nyumba yetu habari yoyote ya gari inaanza na Papa. Unaikumbuka ile pikapu ya buluu ya parokia aliyoiendesha? Wewe ulikuwa mtu wa kabini kwa sababu ulitapika kila kona, mkebe wa maziwa mapajani. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma, kwenye karoseri, juu ya magunia, pamoja na kuku, mabidoni ya mafuta ya mawese na kila mtu ambaye Papa alimwokota njiani. Padre alimkataza kubeba watu. Papa alimjibu kwa adabu kwamba pikapu tupu inateleza mkia kwenye matope, kwa hiyo anahitaji uzito, na uzito unaojua kupanda na kushuka wenyewe ni binadamu. Padre alicheka, akamwacha, na tangu siku hiyo hakuna mama aliyetembea kwa miguu kati ya Kasongo na Kabambare ikiwa Papa Gaston yuko njiani.

Utakumbuka na honi. Kila nyumba ya mtu anayemfahamu, honi. Wewe ulisema siku moja kwamba Papa anaendesha honi, gari linafuata tu. Akikaribia Wamaza alipiga tatu, na Mama huko nyumbani alijua sasa aweke sufuria motoni. Nikiwaza utoto wetu nasikia hizo honi tatu kabla sijaona sura ya mtu yeyote, na mpaka leo zinanitia njaa.

Lakini safari moja tu hakupiga honi, nayo ni ile ya kumrudisha marehemu kwao. Hapo wewe hukuruhusiwa kuja, kwa hiyo nakueleza. Mtu alipofia hospitali, ndugu zake walikuja kwetu na mkeka wake mwenyewe. Papa aliutandika kwenye karoseri, marehemu akalazwa kichwa kikielekea kwao, na sisi watoto tukiwepo tuliambiwa tukae upande wa miguu. Aliendesha polepole, kimya, na kijiji chote kilichozoea honi yake kilielewa, watu wakatoka kusimama kando ya njia. Papa alisema anayekufa harudi kwao amekaa. Anarudi amelala, na mkeka wake chini yake. Alilisema mara nyingi, nami nililishika kama nilivyoshika Baba Yetu.

Sasa magari. Abdallah alinipa funguo nijaribu yote mawili mpaka Wamaza. Nilianza na jipi, ili usije ukasema niliipuuza. Yaya, ni gari kweli. Tumbo lake liko juu, ni fupi, inageuka vizuri kwenye yale madaraja ya magogo, na kilima ambacho pikipiki zinakipanda kwa kusukumwa, yenyewe ilikipanda kama imekasirika. Vumbi haliingii. Mama alikaa mbele akashika kiti kwa mikono miwili, akasema hata askofu hajakaa hivi. Tulizunguka mpaka shuleni na kurudi, majirani wanatazama, naye hakugeuza shingo kusalimia mtu, alivyofurahi. Kisha akaniomba nimfungulie nyuma. Nyuma kuna viti viwili vidogo vinavyotazamana. Alivigusa, akainama kutazama chini yake, akasema, “Hapa mutu anakaa tu.” Mimi nilidhani anaulizia mahali pa magunia.

Wiki iliyofuata nilichukua pikapu. Hii ni ya kabini moja, watu watatu mbele. Ile ya kabini mbili uliyoiona kwenye simu yako si hii ya Abdallah, na karoseri yake ni fupi, na mbele kidogo utajua kwa nini urefu una maana. Nisikudanganye: kwenye matope jipi ni bora. Pikapu ilikuwa tupu, na kwenye kilima kile mkia ulikwenda kulia nilipotaka kushoto, nikasimama katikati ya njia jasho likinitoka. Wakapita wamama sita na vikapu vyao vya mpunga. Niliwaomba wapande. Mkubwa wao, Hidaya wa Nyangwe, akauliza kama mimi si mutoto ya Gaston, maana hayo maombi ya uzito anayajua. Wakapanda, wakacheka, na gari likatulia likapanda kilima. Nililia kidogo pale kwenye usukani. Kwenye kabini nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyeniona.

Nilipokaribia nyumbani mkono ulipiga honi tatu. Sikuupanga, Yaya, ulikwenda wenyewe. Mama alitoka mlangoni na kijiko cha ugali mkononi, akasimama. Nilijuta papo hapo. Lakini hakulia. Alizunguka gari mara moja bila kutazama kabini, akarudi ndani, akatoka na mkeka wake, ule wa mistari myekundu aliousuka mwaka wa ndoa yako. Aliniambia nifungue nyuma. Nilimpandisha, magoti yale, akautandika mkeka kwenye karoseri, akaulainisha kwa viganja, akaupima kwa mikono kutoka kichwani mpaka miguuni. Ulienea, na nafasi ikabaki. Akasema, “Iko ya kutosha.” Kisha akanituma chini ya kitanda chake nilete kitambaa kilichofungwa fundo.

Ndani ya kitambaa mlikuwa na viatu vya Papa, vile vyeusi vya Jumapili. Soli ya kiatu cha kulia imeyeyuka upande wa ndani, imejikunja, ina shimo linalopitisha vidole viwili.

Hapa ndipo neno langu linapokwama, Yaya, lakini nimeshalianza. Mwaka wa sita sasa nakudanganya. Papa alipofariki nilikuambia kwamba alisafiri kwa pikapu, amelala juu ya mkeka wake, kichwa kikielekea Wamaza. Ulilia ukanishukuru. Ulisema angalau hilo amelipata, yeye aliyewalaza wengine. Hakulipata. Alifariki alfajiri hapa Kasongo, mvua ikiwa imekata njia kwa wiki mbili. Lori la mwisho lilikuwa limezama matopeni, gari la Abdallah lilikuwa Kindu, na joto halikutupa muda. Mama alikuwa Wamaza anangoja. Amisi, yule mwenye pikipiki, alikuja mwenyewe. Aliniambia Papa ndiye aliyemrudisha mama yake Nyangwe, kwa hiyo yeye atamrudisha Papa.

Tulimkalisha. Tulimvalisha suti, viatu na koti la mvua, kofia yake tukaivuta mpaka machoni. Amisi mbele, Papa katikati, mimi nyuma, na kitenge cha Yvette kimetufunga mimi na Papa kiunoni ili asianguke. Saa sita njiani, kifua changu kwenye mgongo wake. Kwenye barieri askari waliuliza, nikasema mzee ni mgonjwa, amelala. Na kila kijiji, Yaya, watu waliiona ile kofia wakapaza sauti, “Jambo Papa Gaston, leo honi iko wapi?” Mimi niliinua mkono nikawasalimu kwa niaba yake. Hakuna aliyesimama kando ya njia, maana hakuna aliyejua. Katikati ya safari nilisikia harufu ya mpira kuungua, nikadhani ni pikipiki. Ulikuwa mguu wake, umetoka mahali pake na kuegemea bomba la moshi. Sikutazama chini.

Kwenye kijito cha mwisho kabla ya Wamaza tulisimama. Amisi aliwaita wanaume wanne waliokuwa shambani, wakakata mianzi wakatengeneza tipoyi ya kumbebea. Lakini Papa alikuwa amekauka vile tulivyomkalisha. Tulimnyoosha magoti kwa nguvu, mimi na Amisi, nami nilimwomba msamaha kila mara nilipobonyeza. Tulikubaliana kusema kwamba gari limekwama ng'ambo ya daraja. Wale wanne waliapa kunyamaza, na kweli wamenyamaza. Nikaingia nyumbani nyuma ya tipoyi na uongo wangu, Mama akanishika uso akasema asante kwa gari.

Ni yeye aliyemvua viatu jioni ile. Siku hii ya mkeka nilisimama pale karibu na karoseri nikakitazama kile kiatu, nikaelewa kwamba alijua kwa miaka yote sita. Niliuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba aliniona jinsi nilivyochubuka kiunoni kwa kitenge, na hakutaka kuniongezea. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatisha. Hakunitukana wala hakuinua sauti. Alikunja kitambaa juu ya viatu, akafunga fundo, akasema neno ambalo ndilo jibu la swali lako, nami nalinakili kama lilivyotoka: “Miye siwaze hospitali. Hospitali nitaenda hata na jipi. Lakini siku yangu, munilalishe. Musinikalishe.”

Basi, Yaya, hayo ndiyo mengine. Gari ni zawadi yako na Shemeji, na mkisema jipi nitaileta jipi, nitamkalisha mbele, atafurahi kweli, na vumbi halitamgusa. Daktari anasema moyo ule unaweza kwenda miaka mingi. Mimi sikuombi pikapu kwa ajili ya magunia yangu ya mpunga, ingawa najua Shemeji atafikiri hivyo, na wala simlaumu. Nakuomba unisamehe kwa habari ya Papa. Kama huwezi sasa, nitangoja, hata mpaka uje mwenyewe nikupeleke kaburini kwake. Ukija tutapita njia ileile na nitakuonyesha kijito.

Mama anakusalimu sana, anasema umtumie picha za yule mtoto akiwa amecheka, maana hizo za kununa amechoka nazo. Yvette na watoto wanakusalimu. Amisi naye, niliyemsomea barua hii kabla ya kuifunga kwa sababu habari hii ni yake pia, anasema umpe Shemeji mkono kwa niaba yake. Msalimie Darlène umpe chakula, safari ni ndefu.

Neno moja la mwisho. Siku ile nilipoirudisha pikapu Kasongo, Mama alikataa niukunje mkeka wake. Uko bado nyuma ya gari, uwanjani kwa Abdallah. Jana alinitumia ujumbe kuuliza ni wa nani, na kama autupe au autunze. Nimemwomba autunze mpaka utakapojibu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Zéphirin