Kabla Maji Hayajafika Mstarini

Jumanne, 3 Februari

Leo nimemvunjia Sindano sakafu. Si kwa mkono wangu, kwa mdomo tu. Lakini nyundo zilipoanza kulia alinitazama mimi, wala hakuwatazama wenye nyundo. Sakafu mbichi, simenti nzuri, hata cherehani yake haijaikanyaga! Nikamwambia: fundi wangu wa nguo, kanuni ni kanuni. Mstari mwekundu kwenye nguzo ya kona unaonyesha maji yalipofika mwaka ule yalipotubebea vitanda. Anayejenga upya huku bondeni, sakafu yake ikae futi moja juu ya ule mstari. Yako iko chini. Vunja, panda.

Akasema nina roho mbaya. Akasema hata ngazi za kupandia mbinguni haziwezi kuwa nyingi hivyo. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nisijidanganye humu — nilijisikia vizuri. Mtaa mzima wananiita Bi Mstari, na leo jina lilinikaa sawasawa. Bosi kasema ofisini kwamba wakaguzi wote tungekuwa na msimamo kama wangu, mafuriko yangetafuta mji mwingine wa kusumbua.

Alhamisi, 12 Februari

Shangazi ameanza kujenga. Kiwanja chake kile kile cha zamani, nyuma ya nyumba ya Sindano. Mwashi ni Timazi. Jina kapewa kwa sababu kuta zake zimenyooka kama timazi yenyewe, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta. Umtanie tu kwamba ukuta umepinda, usiku hapati usingizi.

Jioni nikampelekea shangazi chai na mkate. Goti limevimba tena. Tukakaa tunaangalia nyumba ya Sindano, na ngazi zake zile mpya.

"Eti mwanangu, na mimi nitajengewa mlima kama ule?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi, kila mtu.

"Basi mchimbe na kaburi huko huko juu, maana nikishapanda sishuki."

Anatania huyu. Ila alisema bila kuniangalia, huku amelishika goti kwa mikono miwili analisogeza taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, mimi hata vifungo sijui kufunga. Alinibeba mgongoni kwenda kliniki, kwenda shule, kwenda kila mahali. Labda goti lenyewe nimeliua mimi.

Hakuniomba kitu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hakuniomba.

Ijumaa, 13 Februari

Nimefanya.

Tunapima hivi. Mpira mrefu wa plastiki, ule unaoona maji ndani. Ncha moja nguzoni, nyingine ukutani kwa mwenye nyumba. Ya nguzoni anashika mkaguzi na si mtu mwingine, ndio utaratibu wetu. Fundi anainua ncha yake polepole, na maji yanapanda kwenye ncha yangu. Yakigusa mstari mwekundu napiga kelele "Hapo!" naye anachora alama. Kutoka kwenye alama anaongeza futi moja, ndiyo sakafu. Rahisi. Maji hayana ndugu wala rafiki, yanajisawazisha yenyewe.

Timazi alikuwa nyuma ya nyumba ya Sindano, hanioni, tunaitana tu. "Bado?" Bado. "Bado?" Bado, inua. Maji yanapanda. Yalikuwa yamebakiza mkono mzima kufika mstarini. Nikageuza shingo, na kwenye kichochoro kilicho kando ya nyumba ya Sindano nikamwona shangazi. Kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasugua goti.

Nikasema Hapo!

Sikupanga. Au nilipanga tangu jana nikiwa nakunywa chai, sijui. "Leo yamewahi!" Timazi akacheka, nikamsikia anachora. Ningeweza kusema ngoja, nimekosea. Nilikuwa na muda wote duniani. Nikaanza kukunja mpira.

Jumapili, 22 Februari

Sakafu imemwagwa na imekauka. Shangazi kapanda vile vingazi vyake vichache bila kushika ukuta, akageuka mlangoni akapiga vigelegele peke yake! "Kumbe kanuni zenyewe zina huruma!" Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina.

Nikiwa natoka, Sindano kainua kichwa kwenye cherehani. Akauliza: Bi Mstari, hivi maji yakifika kwa shangazi yako yatapiga hodi kwanza?

Nikamjibu kwa ukali kwamba kule nyuma ardhi ina mwinuko, asichokijua asikiseme. Akasema haya, akarudi kwenye pindo lake. Ardhi haina mwinuko wowote. Kila mwenye macho anaona.

Mafuriko kama yale huja mara moja katika maisha ya mtu. Najiambia hivyo nikipiga mswaki, nikifunga mlango, nikisubiri chai ichemke. Na shangazi analala vizuri, goti limepungua. Hilo nalo si neno?

Jumatano, 11 Machi

Nimetoka mtaani sasa hivi.

Nimeitwa kugonga mhuri nyumba ya msusi, yule binti mwenye mapacha. Iko chini zaidi ya kwa shangazi, kuelekea mtoni. Nyumba imekwisha, bati liko juu, wamehamia, nepi zimeanikwa. Nikaangalia sakafu na nikajua hata kabla ya kutoa futi ya kupimia. Nikamwuliza Timazi: hii ulipima kutoka wapi? Akanishangaa. Nguzo iko mbali, mpira haufiki. Kanuni si inaruhusu kuanzia kwenye alama ya nyumba iliyokwisha kukaguliwa? Basi kaanzia kwa shangazi yangu.

"Si uliishika wewe mwenyewe, dada? Ningepata wapi alama ya uhakika kuliko ile?"

Uongo wangu umepita ndani ya mpira umeingia nyumba ya watu ambao sijawahi hata kunywa maji kwao. Nilidhani nimempunguzia mtu mmoja ngazi. Mtu mmoja! Mjinga mimi.

Msusi akaleta kiti. Pacha mmoja analia, mwingine ananikodolea macho, yule mdogo, ana vishimo mashavuni. Nikasema mngeongeza sakafu kidogo. Akacheka akaniuliza: dada, nitaongeza sakafu, na kichwa nikiweke wapi, darini? Kwani kuna tatizo?

Pale pale. Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Timazi amesimama, msusi amesimama, bosi anataka kazi ziishe kabla ya mvua. Neno moja tu. Nikasema hapana, hakuna tatizo, ila vitu vyenu wekeni juu juu, mvua zikianza.

Nikagonga mhuri.

Jumamosi, 14 Machi

Nilikwenda kwa bosi kusema. Nikafika mlangoni, akanikaribisha kwa mikono miwili, akawaambia wageni wake: huyu ndiye Bi Mstari wetu! Nikasema nimekuja kuomba rangi nyekundu. Mstari umefifia.

Nimepewa rangi.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Imeanza jana, haijameza mate. Nimempigia shangazi, kasema bati linaimba vizuri, niache wasiwasi kama kuku. Nimemwomba aje akae kwangu. Amekataa — nyumba mpya haiachwi. Nimempigia Timazi nimwambie, akapokea, nikamwuliza kama bati la kwake halivuji.

Jumatatu, 30 Machi

Yamekuja mchana, watu wako macho, angalau hilo. Tulikuwa ofisini tukaambiwa mto umetoka. Nilikimbia. Pale kona maji yalinifika kifuani, kahawia, yanavuta miguu. Nikashika nguzo. Nikaangalia mstari niliopaka juzi kwa mkono wangu.

Maji yameugusa. Yameugusa sawasawa, kama vile kuna mtu kayaambia hapo. Hapo!

Kwa Sindano ndani kukavu. Futi nzima ya ziada, cherehani inang'aa. Na sebuleni kwake, kwenye kiti chake cha wateja, shangazi yangu amefunikwa vitambaa. Sindano kambeba mgongoni akampandisha zile ngazi zote. Nyumbani kwake maji yamefika magotini na kitanda kinaelea.

Halafu akarudi majini, akaenda kwa msusi. Huyu mtu niliyemvunjia sakafu! Akamkuta kasimama juu ya meza, pacha huku, pacha huku. Alipomnyooshea mikono meza ikapinduka. Mkubwa alidakwa. Mdogo alizama. Ni kitambo kidogo tu, Sindano anasema, kitambo kidogo tu. Amekunywa maji machafu. Yuko hospitali, kwenye oksijeni.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 31 Machi

Maji yameshuka. Matope, harufu, magodoro ukutani. Bosi amekuja mtaani akapita nyumba kwa nyumba. Zilizozama zilizopaswa kuwa kavu zote ni kazi ya Timazi. Basi kamwita mbele za watu. Wewe ndiye uliyetuulia kanuni! Hutashika tena mwiko mji huu, na polisi watakuuliza habari ya mtoto.

Timazi mzima mzima, na kimo chake kile, akawa kama kanyeshewa. Akasema yeye alichora pale alipoambiwa hapo. Hakuongeza, hakupunguza. Akanigeukia.

"Dada, ulishika mstarini, si ndiyo?"

Hakuuliza kwa kunituhumu. Ndiyo inayoniua hiyo. Aliuliza kama mtu anayemwita shahidi wake, anajua nitamwokoa.

Nikasema tupime upya. Watu wakasema naam, Bi Mstari kasema la maana. La maana! Alama ikionekana iko chini, lawama ni ya Timazi. Ulimi wangu huu ungekatwa. Bosi kapanga Alhamisi, mbele ya wote: Timazi ukutani, mimi nguzoni, kama siku ile.

Jumatano, 1 Aprili

Mtoto bado hajazinduka. Nimekwenda hospitali, nikaishia getini na machungwa yangu.

Mchana nilikuwa kwa Sindano, namkanda shangazi goti. Mwenyeji wetu yuko nje anakausha vitambaa vya watu. Shangazi akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kesho atasema yeye. Atasema kwamba Timazi alipokwenda kula, yeye shangazi aliifuta alama, akachora yake chini zaidi, kwa ajili ya goti. "Nani atamfunga bibi kizee? Watanigombeza, yataisha."

Nikamwambia shangazi, unasema nini, hukugusa alama yoyote.

"Sikugusa. Lakini nilikuwa pale kwenye ndoo. Nguzo nilikuwa naiona, mwanangu. Maji niliyaona yako wapi. Nikakusikia unasema hapo."

Mikono yangu ikasimama juu ya goti lake.

"Nilikuona nikanyamaza. Moyo ulifurahi. Sasa unataka kubeba peke yako, kwa nini? Miaka yote hiyo alikubeba nani?"

Nikamwuliza, na mtoto asipopona? Atasema hayo hayo? Akaomba shuka, na kuna joto.

Nilichokiona ndani yangu baada ya hapo ndicho kinachonitia haya kuliko vyote. Nilipata nafuu. Kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nimekula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kula gani huku! Mwanamke mzima na kazi yangu na mhuri wangu, nangoja ajuza mwenye goti bovu anisemee uongo.

Alhamisi, 2 Aprili

Niko kwenye benchi la Sindano, barazani, mtaa mzima uko pale chini. Wamezungusha kamba kwenye nguzo. Nimetoa daftari ili nionekane nina kazi.

Msusi amekuja. Nguo ile ile ya juzi, macho mekundu, pacha mkubwa mgongoni. Kapanda ngazi hadi hapa nilipo. Nikadhani ananipiga — ningempa na shavu la pili. Akanishika mkono. Kasema mdogo bado hajafumbua macho, madaktari wanasema wangoje. Kisha akasema, dada, nilitaka kukushukuru. Ulituambia tuweke vitu juu. Nepi zote na maziwa ya kopo vilikuwa juu ya kabati, vimepona.

Kanishukuru. Mimi!

Nikafungua mdomo. Akawa ameshageuka, mtoto alikuwa analia.

Timazi amejaza mpira, anatoa mapovu kwa kidole, taratibu, kama kawaida yake. Amevaa shati safi. Bosi ananiita: nguzoni, Bi Mstari, tunakusubiri wewe.

Shangazi katoka mlangoni. Kajifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kwenye shughuli. Hakuniangalia. Ameanza kushuka. Kila ngazi anaweka mguu mmoja, anauvuta wa pili, anapumua, anashika ukuta. Goti linamgomea. Sindano kamkimbilia, ngoja mama nikubebe, naye anamfukuza kwa mkono. Bado ngazi nyingi. Kila mtu anamwangalia, hata bosi.

Kutoka hapa hadi nguzoni si mbali. Nikiinuka sasa namwahi, nasema mimi kabla hajasema yeye. Nikiinuka hata akiwa ngazi ya mwisho namwahi.

Bado naandika.